Shajara ya mradi: kitabu cha avek ya Kadutu, na kazi ya kusoma tarehe na saa za watu

Jumamosi, tarehe 3 mwezi ya 2, 2024

Nimeanza wiki hii. Mama mdogo wangu ni sekreteri wa avek moja (chama cha akiba na mikopo) hapa Bukavu, kule Kadutu, wako wanachama 25, kila Jumamosi wanaweka akiba na kukopeshana. Wenye hawawezi kufika wanatuma kwa simu, mwisho ni Ijumaa saa kumi na mbili ya jioni, ukipita hapo unalipa faini ya franga 1000. Hesabu ya zaidi ya mwaka mzima imelala sehemu tatu: daftari la mkono, faili ya Excel yenye binamu yangu alijaza, na mazungumzo ya grupu ya simu yenye nimeyatoa kama faili ya maandishi. Nataka vyote viingie kitabu kimoja, SQLite (hifadhi ya data inayokaa kwenye faili moja), ili mama mdogo abonyeze jina na aone nani alituma lini. Natumia Python 3.11 kwenye mashini ya zamani ya Windows. Gharama mpaka leo: dola 2 za mega (intaneti ya simu).

Nilifikiri pesa njo itakuwa kazi. Pesa zimemalizika kwa usiku mbili, kujumlisha ni kujumlisha tu. Kitu kimenifunga ni tarehe. Naandika hapa kila hatua juu najua kuko wengine Goma, Uvira na Lubumbashi wenye wanafanya programu kama hizi kwa makanisa, maduka na vyama, nao watakutana na mambo haya haya.

Jumamosi, tarehe 10 mwezi ya 2, 2024: Excel

Excel haiweki tarehe kama tarehe, inaweka hesabu ya siku. Kwenye faili ya binamu nilikuta namba kama 44989 na 45019, na hapo sikushtuka, nikafanya kama mtu yeyote angefanya: nikachukua tarehe 1 mwezi wa kwanza 1900 na kuongeza siku 44989. Ikatoka tarehe 6 mwezi ya 3, 2023. Nikaangalia, ni Jumatatu. Nikapitisha safu yote, mikutano mingi iko Jumatatu, na sisi hatujakutana Jumatatu hata siku moja.

Siku mbili zimezidi, na kila moja iko na sababu yake. Ya kwanza: kwa Excel, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1900 ni siku ya 1, haiko siku ya 0. Niliondoa moja, mikutano ikahamia Jumapili. Ya pili ndiyo iliniweka macho mpaka usiku: Excel inaamini mwaka 1900 ulikuwa na tarehe 29 mwezi ya 2, na haukuwa nayo, juu mwaka wa mia haupati siku hiyo kama haugawanyiki kwa 400. Kosa hilo lilitoka Lotus 1-2-3, programu ya hesabu ya zamani, na Excel ikalichukua makusudi ili faili za zamani zisomeke sawa. Basi ukisoma tarehe za baada ya hapo, anza kuhesabu kutoka 30 mwezi ya 12, 1899:

`datetime(1899, 12, 30) + timedelta(days=44989)`

Inatoka 4 mwezi ya 3, 2023, Jumamosi. Nilipiga makofi peke yangu ndani ya nyumba. (Kama faili yako imetoka kwa Mac ya zamani, angalia, kuko hesabu nyingine inaanza 1904.)

Lakini 45019 ikatoka Jumatatu, tarehe 3 mwezi ya 4, 2023. Hapo nikaelewa kwamba namba yenyewe iliingia vibaya. Mashini ya binamu ilikuwa imewekwa Kiingereza ya Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Yeye aliandika 4/3/2023 kama sisi wote tunavyoandika, mashini ikaelewa mwezi ya 4 tarehe 3. Na akiandika 25/3/2023, mashini haioni mwezi wa 25, inaacha kama maandishi matupu. Ukifungua faili unaona kwa macho kabisa: zingine zimeshikamana upande wa kushoto wa kisanduku, zingine kulia. Zile za kushoto ni maandishi na ni salama. Za kulia njo zinaweza kuwa zimegeuzwa, na hakuna eror hata moja imetokea, njo maana ni mbaya zaidi.

Dawa yangu ya kwanza: tunakutana Jumamosi, kwa hiyo tarehe yoyote yenye haiangukii Jumamosi, geuza siku na mwezi, ikiwa Jumamosi ukubali. Ilifanya kazi karibu kwa zote. Ikashindwa kwa mkutano wa wiki iliyopita, 3/2/2024. Tarehe 3 mwezi ya 2 ni Jumamosi, na tarehe 2 mwezi ya 3 mwaka huu ni Jumamosi vilevile. Dawa ya pili: nikaongeza sharti kwamba mistari ya faili inafuatana, tarehe haiwezi kuruka wiki nne mbele halafu irudi nyuma. Hiyo ikamaliza.

Kuanzia hapa vichwa vya shajara hii naandika mwaka-mwezi-siku. Ndiyo ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, na hakuna mtu atakisoma kwa namna mbili.

2024-02-24: daftari, na majina ya siku

Daftari lilichapwa na watoto wawili wa nyumbani, kwa hiyo kuko "4 mars 23", "12 aout" bila alama, "fevrier", "tarehe 5 mwezi ya 8", na mwaka wakati mwingine tarakimu mbili. Kwa mwaka wa tarakimu mbili Python inatumia `%y`: 00 mpaka 68 inakuwa miaka ya 2000, 69 mpaka 99 inakuwa ya 1900. Kwetu haina hatari. Kwa mtu anayeandika tarehe za kuzaliwa za wazee, hatari iko: mzee wa mwaka 58 atazaliwa 2058.

Kwa majina ya miezi nilijaribu kuambia mashini itumie Kifaransa kwa `setlocale`, kwangu ikakubali, kwa rafiki yangu wa Goma ikakataa juu mfumo wake unaita lugha hiyo kwa jina lingine. Nilitupa njia hiyo. Nimeandika orodha yangu mwenyewe ya majina, mistari 40 hivi, naondoa alama za juu ya herufi kwanza na kugeuza yote kuwa herufi ndogo. Usitegemee lugha ya mashini kusoma maandishi ya watu. Orodha yako unaiona, unaweza kuongeza neno, na inabaki ileile kwa kila mashini.

Kosa langu kubwa la wiki liko kwenye siku. Niliandika kwamba nikikuta "pili" ndani ya neno, ni Jumapili, nikikuta "tatu", ni Jumatatu. Lakini mama wengi kwenye grupu hawasemi hivyo, wanasema siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, halafu siku ya posho (Jumamosi) na siku ya yenga. Kwetu siku ya kwanza ni ile ya kuanza kazi. Kwa hiyo siku ya pili ni Jumanne, na Jumapili ni siku ya yenga. Siku ya tatu ni Jumatano, lakini Jumatatu ni siku ya kwanza! Malipo 19 yalikaa siku isiyo yake na sikuona mpaka mama mdogo aliposoma juu ya bega langu akaniuliza, "Mwanangu, huyu mama alituma siku ya yenga wakati gani? Siku ya yenga yeye yuko kanisa tangu asubuhi." Sasa natafuta neno zima, kamwe sitafuti kipande.

Gharama: dola 1 ya mega, na franga 1500 za kuchajisha mashini kwa jirani mwenye jenereta, umeme ulikosa siku tatu.

2024-03-16: mazungumzo ya grupu

Faili ya mazungumzo ilikuwa mbili, moja ya simu ya mama mdogo, moja ya simu ya prezidanti wa avek, juu mama mdogo alibadilisha simu katikati ya mwaka. Simu yake iko Kifaransa, inaandika 14:05. Ya prezidanti iko Kiingereza, inaandika 2:05 PM.

Nilifanya haraka, kwa mkono: kama mstari uko na nafasi na PM, ongeza saa 12. Programu ilikimbia bila kulalamika. Halafu nikaona watu wote kwenye faili ya prezidanti wanatuma asubuhi sana. 5:40, 6:15, 7:10. Mama wa Bagira mwenye kila mtu anajua anatuma akitoka sokoni, anaonekana ametuma saa moja na dakika kumi ya asubuhi.

Nilikaa na mstari mmoja karibu saa mbili nzima. Kwa macho nafasi iko, PM iko. Nikiuliza programu kama " PM" iko ndani, inasema hapana. Mwishowe nikachapisha mstari kwa `repr()`, yenye inaonyesha hata herufi zilizojificha, na ikatoka hivi:

`'7:10\u202fPM'`

Nafasi ile haikuwa nafasi ya kawaida. Ni U+202F, nafasi nyembamba isiyokatika, macho hayawezi kuitofautisha. Imeingia kwenye programu nyingi tangu CLDR (hifadhi ya namna kila lugha inaandika tarehe na saa) toleo la 42, mwaka 2022, wakati waliibadilisha kwa saa za Kiingereza ya Marekani. Kwa hiyo jaribio langu la PM lilishindwa kimyakimya, na watu waliochelewa wakaonekana wamewahi.

Tena, hata bila nafasi hiyo, njia yangu ya kuongeza 12 ilikuwa mbovu, maana 12:15 PM inakuwa 24:15, na 12:15 AM inabaki 12:15 wakati ni 0:15. Usifanye kwa mkono. Tumia `%I:%M %p` na uache `strptime`, kisomaji cha tarehe cha Python, ihesabu. Na zawadi yenye sikuijua: nafasi moja kwenye fomati ya `strptime` inakubali nafasi za aina yoyote, hata hiyo nyembamba. Ningeitumia tangu mwanzo nisingekutana na shida hata kidogo. `%H` ni ya saa 24, `%I` ni ya saa 12. `%m` ni mwezi, `%M` ni dakika. Nimezibandika kwa karatasi ukutani.

2024-04-06: saa za Kiswahili

Hii sehemu nimeipa wiki tatu na naona ilistahili. Wengi wakituma pesa hawatumi ile meseji ya uthibitisho, wanaandika kwenye grupu tu: "nimetuma saa 12 ya asubuhi", "nimetuma jana saa 8", "pesa iko tangu 17h". Na sekreteri anaandika saa hiyo.

Jaribio la kwanza: saa ya Kiswahili, ongeza 6. Saa 2 ya asubuhi inakuwa 8:00, sawa. Saa 11 ya jioni inakuwa 17:00, sawa. Saa 12 ya asubuhi ikawa 18:00. Mama mmoja anauza ndizi, anaamka mbele ya watu wote, anatuma kukiwa kunapambazuka ili asisahau, na programu yangu ikamweka kwenye mwisho kabisa wa muda, na mara tatu alipoandika saa 12 na dakika kadhaa ikamhesabia faini. Franga 3000. Orodha ilikuwa imeshasomwa kwenye mkutano. Nilienda kwake mimi mwenyewe Kadutu kumwomba msamaha, na mama mdogo akarudisha pesa mbele ya wote Jumamosi iliyofuata. Tangu hapo programu haitoi faini, inapendekeza tu, mtu anahakikisha.

Hesabu iliyo sawa: kwa asubuhi, chukua saa, kama ni 12 ifanye 0, ongeza 6. Mchana na jioni, ongeza 6. Usiku na alfajiri, ongeza 18, ukifika 24 au ukipita uondoe 24. Hivyo saa 6 ya usiku ni 0:00 na saa 11 ya alfajiri ni 5:00.

Halafu ikaja shida halisi. Hapa mjini watu wanachanganya. Mtu amesoma Kifaransa, anafikiri "huit heures", mkono unaandika "saa 8 ya asubuhi". Mama mkubwa wa nyumba hiyohiyo akiandika saa 8 anamaanisha 14:00. Programu itajuaje?

Nilichukua meseji 200 na kuzisoma moja moja nikiwa na mama mdogo, yeye anajua nani ni nani. Tukaona kitu kizuri sana: neno la sehemu ya siku karibu kila mara linasema saa gani inatumika. Saa 8 ya Kiswahili ni 14:00 au 2:00 ya usiku, haiwezi kuwa asubuhi. Basi "saa 8 ya asubuhi" ni ya Kifaransa, 8:00. "Saa 2 ya asubuhi" ni ya Kiswahili, tena 8:00. "Saa 2 ya mchana" kwa Kiswahili haipo, basi ni 14:00. "Saa 6 ya jioni" ni 18:00 ya Kifaransa, "saa 12 ya jioni" ni 18:00 ya Kiswahili. Watu wawili wanaandika tofauti na wanasema kitu kimoja, na wote wawili wanaelewana bila kufikiri.

Zinabaki zenye hazijulikani. "Saa 5 ya asubuhi": 11:00 au 5:00, zote zinawezekana. "Saa 10 ya usiku": 22:00 au 4:00. Na "saa 8" peke yake bila neno. Mwanzo niliweka kanuni ya kukisia, nikaitoa, juu nilikuwa nimeshamwumiza mtu kwa kukisia. Sasa mistari hiyo inaingia kwenye orodha ya KUULIZA, na maandishi ya asili yanabaki kwenye safu yake, herufi kwa herufi kama mtu alivyoandika. Ile yenye iko na "h", 17h, 17h40, 8H30, inasomwa Kifaransa moja kwa moja.

2024-04-20: mama wa Kinshasa

Mwanachama mmoja alihamia Kinshasa. Aliandika "nimetuma 17h40", amewahi kwa dakika 20. Lakini Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, UTC+1 (UTC ni saa ya dunia yenye zote zinahesabiwa kutoka kwake), na Bukavu kama Goma na Lubumbashi iko UTC+2. Alipotuma, hapa ilikuwa 18h40. Programu haiwezi kuamua hiyo, niliileta kwenye mkutano, wakabishana kwa heshima, wakaamua saa ya Bukavu njo inahesabika na yeye asilipe ya mara hii juu hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Kwenye kodi (maandishi ya programu): hakuna `Africa/Bukavu` wala `Africa/Goma`, nilijaribu zote mbili. Upande wetu jina ni `Africa/Lubumbashi`, upande wao `Africa/Kinshasa`. Python iko na `zoneinfo` tangu 3.9, lakini Windows haina hifadhi ya zoni (saa za kila eneo) ndani yake, inakupa eror mpaka uweke `tzdata` kwa pip. Hiyo ni mega kidogo tu.

Kabla ya hapo nilifuata mfano wa zamani wa `pytz`, maktaba nyingine ya zoni, uliokuwa unaweka zoni kwa `replace(tzinfo=...)`, na saa ya Kinshasa ikatoka +0:14. Dakika kumi na nne! Maelezo: kwenye hifadhi ya zoni Kinshasa imefungwa kwa Lagos, na hiyo ni saa ya jua ya Lagos ya zamani, kabla ya saa za kupangwa, dakika 13 na sekunde 35. Kwa `pytz` lazima `localize()`. Kwa `zoneinfo`, `replace` ni salama. Chagua `zoneinfo`.

2024-05-04: kuhifadhi na kuonyesha

Haraka haraka. SQLite haina aina ya tarehe. Mwanzo nilihifadhi "01/12/2023" kama maandishi, nikipanga inatangulia "02/01/2023". Sasa nahifadhi UTC kwa ISO, `2024-05-03T15:40:00Z`, mpangilio wa herufi unakuwa mpangilio wa wakati. Rafiki wa Goma alikopi kodi, kwake `fromisoformat` ikakataa ile Z, juu yuko na Python 3.10 na Z inakubaliwa kuanzia 3.11. Nimebadilisha, naandika `+00:00`, inasomeka kwake na kwangu.

Ukurasa wa simu ya mama mdogo niliuandika kwa JavaScript. Leo amefungua mkutano na ukurasa unasema Ijumaa tarehe 3. Nilikuwa nimeandika `new Date(2024, 4, 4).toISOString()` na kukata herufi kumi za kwanza. (Miezi huko inaanza 0, ile 4 ya kwanza ni mwezi wa tano, hiyo nilijua.) Usiku wa manane wa Bukavu ni 22:00 ya jana kwa UTC, kwa hiyo kila tarehe inarudi siku moja. Mtu wa London wakati wa baridi hataona kosa hili. Sisi wa +2 tunaliona kila siku. Sasa nachukua mwaka, mwezi na siku moja moja, naunganisha mwenyewe.

2024-06-01: kutoka saa kwenda maneno

Mama mdogo aliomba programu iandike kama watu wanavyosema. Sasa inaandika "saa 12 na dakika 10 ya jioni (18h10)", saa mbili pamoja, kila mtu anasoma yake.

Ili kuhakikisha, nilipitisha dakika zote 1440 za siku: geuza kuwa maneno, soma tena, linganisha. Fanyeni hii, ni mistari sita na imenionyesha makosa yenye nisingeyaona maishani. 11:45 ikawa "saa 6 kasoro robo ya asubuhi", kisomaji kikaona saa 6 ya asubuhi ni Kifaransa, kikarudisha 5:45. 18:45 ikawa "saa 1 kasoro robo ya jioni", ikarudi 12:45. Kosa moja: ukisema kasoro, saa unayotaja ni ile inayokuja, basi na neno la sehemu ya siku lifuate ile inayokuja. "Saa 6 kasoro robo ya mchana", "saa 1 kasoro robo ya usiku". Ndivyo tunavyosema tayari, mimi njo sikusikiliza.

La pili: 23:45 ilirudi sawa, lakini tarehe ilirudi jana, juu nilianza na 0:00 ya siku hiyo nikaondoa dakika 15. Sasa napata dakika za siku kwanza, naweka ndani ya 1440, ndipo naunganisha tarehe. Na zile dakika za saa 5 ya asubuhi zilikuwa zinaingia KUULIZA, nikaelekeza kisomaji kiamini ile ya "h" kama ipo. Zote 1440 zinarudi.

Gharama yote mpaka leo: dola 9 za mega, franga 6500 za kuchajisha, na zile 3000 zilizorudishwa.

Orodha ya KUULIZA ilianza na mistari 74, mama mdogo amepiga simu kwa wenye nayo, imebaki mmoja: "nimetuma ile siku ya mvua kubwa saa 5". Aliyeandika hakumbuki. Safu ya wakati nimeiacha tupu, maneno yake yako pale pale, na faini haijaandikwa.